Maji Yanapopiga Hodi

Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, mvua ikiwa imenyesha wiki baada ya wiki bila kutoa nafasi ya kuanika hata leso, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, Kithure Kindiki, alitoa amri fupi. Wote wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178, katika kaunti 33, wahame ndani ya saa 24. Atakayekaidi atahamishwa kwa nguvu. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili unusu jioni.

Mimi sikushtushwa na zile saa. Nilishtushwa na hesabu ya mabwawa. Mwombe Mkenya akutajie mabwawa ya nchi yake: atataja Masinga, atataja Ndakaini kwa sababu Nairobi hunywa humo, pengine Turkwel, na akifika la sita ataanza kukuna kichwa. Haya mengine mia na zaidi yalikuwa yamejificha wapi, na nani alikuwa akiyalinda usiku?

Ukitaka kuanza kujibu, anzia Nyeri. Mto Sagana, ambao Wakikuyu huuita Thagana, hushuka kutoka Mlima Kenya ukipita upande wa Kiganjo na Karatina. Ng'ambo ya pili, kwenye safu ya Nyandarua, hutoka Gura na Chania. (Chania ni mbili, moja ya Nyeri na nyingine ya Thika, na wageni huzichanganya kila siku. Si neno, zote mbili huishia pahali pamoja.) Ragati hupita Karatina mjini, chini ya soko. Kirinyaga huleta Thiba na Nyamindi, Embu huleta Rupingazi, Murang'a huleta Mathioya na Maragua. Mito hii yote ikishaingiana huitwa Tana, na Tana husafiri karibu kilomita 1,000, hupita Garissa na Hola, hadi kumwaga maji yake baharini Kipini. Mvua inayomchelewesha mama mboga wa Othaya asubuhi ni ile ile itakayoingia jikoni mwa mtu wa Garissa baada ya siku kadhaa, mtu ambaye huenda hakuona hata wingu.

Nyumba ya cucu, yaani nyanya yangu, ilikuwa kwenye mteremko wa majani chai upande huo wa Othaya. Usiku wa mvua kubwa Gura ilisikika kama lori linalopanda kilima kwa gia ya kwanza. Ni mto wenye haraka. Huko juu, kwenye mbuga ya Aberdare, yako maporomoko ya Karuru yenye urefu wa mita 273, na maji yakishaanguka namna hiyo hayana subira tena. Cucu hakuhitaji redio. Angenyamaza, aweke mwiko chini, asikilize. Mto ukiwa na maji ya kawaida husikika maji. Ukijaa, husikika mawe, kwa maana mkondo huyavingirisha yale ya chini yakagongana. Akishasikia mawe alisema neno moja tu, kwamba kesho hatuvuki. Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyemdai ushahidi asubuhi.

Lakini cucu huyo huyo alikuwa na kisa kingine cha kuhama, na hicho hakukisimulia kwa utulivu. Juni 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya Wakikuyu kwenye vijiji vyenye mahandaki na ulinzi, ili Mau Mau wakose chakula na habari. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi watu zaidi ya milioni moja waliondolewa makwao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Amri ilikuja kwa kipaza sauti au kwa askari wa Home Guard mlangoni, muda ukatajwa, na muda ulipokwisha nyumba zilichomwa. Waliambiwa ni kwa usalama wao. Basi mzee wa Nyeri wa rika hilo, akisikia serikali inasema hama upesi kwa usalama wako, husikia maneno mawili kwa pamoja, na si vyema kumcheka.

Nayaleta haya kwa sababu historia ya maji ya Tana na historia ya Hali ya Hatari ziliandikwa kwa mkono mmoja. Mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo leo hulisha nchi pishori, yalianza kuchimbwa katikati ya miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa Mau Mau, na maji yake yakachotwa Thiba na Nyamindi. Mahabusu wengine, wale walioitwa sugu, walipelekwa mbali zaidi bondeni mwa Tana, Hola, wachimbe mifereji ya umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959 walinzi waliwapiga 11 hadi kufa kwa kukataa kazi hiyo. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ilichukua majuma kadhaa na kelele za bunge la London kabla ya ukweli kutoka. Taarifa rasmi kuhusu maji na vifo ina kumbukumbu mbaya kando ya Tana, na kumbukumbu hiyo ni ya watu wa mlimani na wa bondeni pia.

Baada ya uhuru ukaja umeme. Murang'a kulikuwa tayari na vituo vidogo kama Mesco na Wanjii, lakini nchi ilitaka mtambo mkubwa. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Mafundi wakagundua kile ambacho Mpokomo, mkulima wa kingo za mto huo, angewaeleza bure: Tana ni mto wa misimu. Masika huja mzimamzima, kiangazi hubaki mchanga na mamba. Mitambo haiwezi kula msimu mmoja na kulala mwingine. Ndiyo sababu ya Masinga. Likajengwa upande wa juu wa mto kuliko mengine kati ya 1978 na 1981, ukuta wa udongo na mawe wenye kimo cha mita 60 hivi, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 1,560. Ndakaini nzima ingeingia humo mara 22. Kiambere likafuata 1988. Mpango mzima huitwa Seven Forks. Jina linasema saba, vituo ni vitano, na sijawahi kumwona mtu akikosa usingizi kwa tofauti hiyo.

Masinga hupimwa kwa namba moja ambayo Wakenya wanaofuatilia habari wameikariri kama namba ya simu: mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Maji yakifika hapo bwawa limejaa, na yanayozidi hupita yenyewe kwenye njia yake ya kumwagikia na kuendelea na safari. Chini ya hapo, ni umeme. Juu ya hapo, ni Garissa.

Huko chini watu walikuwa na elimu yao kabla ya namba. Wapokomo walilima kingo za mto kwa kufuata mafuriko mawili ya mwaka. Mto ulipopanda uliacha tope jeusi lenye rutuba, nao wakapanda mpunga, ndizi na mahindi mgongoni mwake. Waorma na Wasomali walichunga kwenye mabonde yaliyobaki na maji baada ya mto kurudi, yale yanayoitwa dhesheki. Mafuriko yalikuwa mgeni anayejulikana siku yake. Aliharibu, ndiyo, lakini pia alileta. Mwaka ambao hakuja ndio ulioitwa mwaka mbaya.

Mabwawa yalipokamilika mgeni huyo akaanza kukosa miadi. Mafuriko ya kawaida yakapungua, kwa kuwa Masinga lilimeza masika na kuyatoa kidogokidogo mwaka mzima. Mashamba yakasogea karibu na maji, nyumba zikafuata mashamba. Garissa mjini, mitaa kama Ziwani, Bakuyu na Bulla Punda ikajaa watu waliofukuzwa na ukame na vita vya upande wa mashariki, wakatafuta ardhi ya bei nafuu, na ardhi ya bei nafuu ni ile inayoogopwa na wenyeji. Jina Ziwani peke yake lingemtosha mwenye masikio. Sasa mafuriko yalipokuja hayakuwa yale madogo ya kila mwaka yaliyofundisha watu kupanda juu kwa wakati. Yalikuwa yale makubwa tu, yanayokuja mara moja kwa miaka mingi, wakati watoto waliozaliwa baada ya yale ya mwisho wameshakuwa na watoto wao.

Na bwawa lenyewe halikuwa na tabia moja. Mwaka 2000 ukame ulilikausha hadi nchi ikagawiwa umeme kwa zamu, na nakumbuka kinyozi aliyenyolewa nusu ya riziki yake kwa kusubiri stima irudi. Juni 2009 mtambo wa Masinga ulizimwa kabisa kwa kukosa maji. Mei 2018 Masinga lilifurika, na kaunti ya Tana River ikawa kama bahari. Mwaka 2020 likafurika tena. Mtu anayeishi chini ya bwawa la namna hiyo huambiwa muongo huu kwamba taa hazitawaka kwa kuwa maji hayatoshi, muongo ujao ahame kwa kuwa maji yamezidi. Si ajabu kila msimu wa mafuriko watu wa Garissa na Tana River husema ni wao, wamefungulia maji. KenGen, kampuni inayozalisha umeme wa Masinga, hujibu kwamba bwawa hilo halifunguliwi. Likijaa humwagika lenyewe. Nadhani KenGen husema kweli. Lakini ukishamiliki mto, hata mvua itaandikwa kwa jina lako.

Bwawa kubwa, hata hivyo, lina angalau mtu wa kulitazama. Mei 2003 mvua kubwa ilibomoa njia ya kumwagikia ya bwawa la Sasumua, huko Njabini, Kinangop Kusini, ubavuni mwa Nyandarua. Wahandisi waliona, walishusha maji, ukuta mkuu ukasalimika. Hasara ikawa ya mifereji ya Nairobi, ambako mitungi ilipangwa foleni kwa muda mrefu. Hakuna anayesimulia habari za Sasumua leo, na hiyo ndiyo sifa ya kazi iliyofanywa kwa wakati.

Solai hakukuwa na wa kutazama. Jumatano tarehe 9 Mei 2018, yapata saa mbili usiku, ukuta wa udongo wa bwawa la shamba kubwa la binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, ulipasuka. Watu walikuwa mezani au wamejilaza. Waliookoka walisimulia mngurumo, kisha giza lenye maji ndani yake. Waliokufa hawakupungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Kisha ikabainika kwamba bwawa lile halikuwa na kibali, na kwamba kwenye shamba hilo hilo yalikuwapo mengine. Mafundi wakakimbia kuyapunguza maji kabla nayo hayajaachia. Washtakiwa tisa walifikishwa kortini Naivasha, Februari 2020 wakaachiliwa, Mahakama Kuu baadaye ikaamuru kesi irudiwe.

Baada ya Solai ndipo wengi wetu tulipoanza kutazama vilima vyetu kwa jicho lingine. Nyanda za juu za Kenya, kuanzia Nakuru na Laikipia hadi viunga vya Nyeri na Kiambu, zimejaa mabwawa ya mashamba. Mlowezi alifukia bonde kwa udongo apate maji ya kahawa au ng'ombe. Shamba likauzwa kwa kampuni ya ardhi, kampuni ikagawa vipande, bwawa likabaki bila baba. Miti ikaota kwenye ukuta, mizizi ikapenya, watoto wakageuza njia ya kumwagikia kuwa mahali pa kuvulia samaki na jirani akapanda mboga humo kwa kuwa pana unyevu. Mara nyingi ukuta wa udongo hauvunjwi na nguvu ya maji yaliyo nyuma yake peke yake. Huvunjwa na maji yanayopita juu yake kwa kukosa njia, yakakwangua mgongo wake hadi likatokea pengo la upana wa mlango, kisha wa lori, na baada ya hapo hakuna kinachopimika. Au huliwa polepole kutoka ndani, kwa kipenyo kidogo alichochimba fuko au mzizi uliooza. Dalili yake ni maji yanayovuja chini ya ukuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Yakivuja meupe kuna nafasi ya kumwita fundi. Yakivuja na tope, beba mtoto.

Basi turudi kwenye mvua za 2023 na 2024. Oktoba 2023 wananchi waliambiwa kutoka jukwaa la juu kabisa kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja. Ikaja. Kufikia Desemba ilikuwa imeua watu zaidi ya 120, na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikuwa imekatwa na maji kati ya Madogo na Mororo, malori yakalala huko siku nyingi. Udongo ukaingia mwaka mpya ukiwa umeshiba. Masika ya 2024 yalipoanza hayakukuta mahali pa kunywewa.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, huko Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, maji yaliteremka na miamba na magogo yakakifuta kijiji cha Kamuchiri. Waliokufa walizidi 50. Asubuhi nchi nzima ilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba halikuwa bwawa: maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, pale ambapo njia yake ya chini kwa chini ilizibwa na takataka za mafuriko, hadi kizuizi kikaachia. Yaani lile lilikuwa bwawa lililojijenga lenyewe kwa usiku mmoja, na hakuna orodha duniani ambayo ingeliandika.

Hiyo ndiyo hofu iliyozaa amri. Jumanne tarehe 30 Aprili Baraza la Mawaziri lilikutana, Masinga na Kiambere yakatajwa kwa majina, na wanaoishi sehemu za hatari wakapewa saa 48. Alhamisi ikaja orodha ya Kindiki na saa zake 24. Ijumaa Rais Ruto akaahirisha ufunguzi wa shule hadi itakapotangazwa tena, kwa kuwa kimbunga Hidaya nacho kilikuwa kikikaribia pwani. Wiki hiyo hesabu ya waliokufa nchini kote ilivuka 200.

Machifu wakashuka vijijini. Kwa wasiojua, amri ya Nairobi haina miguu mpaka impate naibu wa chifu mwenye pikipiki na wazee wa nyumba kumi wenye namba za watu. Sehemu za Waislamu misikiti ikatangaza baada ya sala. Milimani ikawa redio za Kikuyu na Kimeru, mapadre na makundi ya WhatsApp. Kisha kila nyumba ikafanya hesabu yake. Godoro litabebwa na nani? Kuku watafungwa wapi? Nikienda shule ya msingi kulala darasani na watu 60, nani atalinda mabati yangu? Mtu mwenye gunia tatu za mahindi zilizovunwa juzi hana hifadhi ya nafaka. Gunia hizo ndizo benki yake, na haziingii kwenye boda boda. Waliohama upesi wengi walikuwa wale wasio na kitu, au wale walio na gari.

Linganisha na kwingine. Mwaka 2017, Februari, kule California, njia ya kumwagikia ya bwawa la Oroville ilimomonyoka, na watu karibu 188,000 waliamriwa kuondoka jioni moja. Ukuta haukuvunjika. Siku mbili baadaye waliruhusiwa kurudi, wakalalamika kuhusu foleni ya magari na bei ya hoteli. Kuhama bure ni gharama ambayo mwenye gari na bima anaweza kuilipa, akanuna, akalala. Mtu wa Bakuyu akihama bure amepoteza mahindi, amepoteza siku nne za kibarua, na mbuzi mmoja ameliwa na asiyejulikana. Akiambiwa tena hama, atatoka nje atazame mto kwanza. Sisi tunaoandika magazetini tumezoea kumwita mkaidi. Mimi namwona kama mtu aliyepiga hesabu mara nyingi kuliko sisi, kwa pesa yake mwenyewe, na mara moja tu akikosea haitakuwepo nafasi ya kurudia.

Hapo hapo Nairobi neno likaharibika. Mathare na Mukuru, kando ya mito, saa 24 zilipokwisha yalikuja matingatinga. Kuhamishwa kukageuka kufurushwa, nyumba zikavunjwa mvua ikinyesha, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia ikaja siku kadhaa baada ya mabati kulala chini. Mtu wa Garissa alikuwa akitazama hayo yote kwenye simu. Cucu angeyaelewa bila maelezo.

Ajabu ya Tana ni kwamba maji yake hupiga hodi. Yanayomwagika Masinga hupita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakazunguka Tharaka, yakavuka nyika, na kufika Garissa baada ya siku, si dakika. Hakuna mwenye haja ya kufa kwa ghafla huko. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 28 Aprili, kabla ya amri zote hizi, mashua iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, pale barabara ilipokuwa imegeuka mto. Watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa maji. Hawa hawakuwa wakaidi waliokataa kuhama. Walikuwa wasafiri waliotaka kuvuka, na barabara ya lami ilikuwa mita chache chini ya viatu vyao.

Ukuta wa Masinga haukupasuka. Wala wa Kiambere. Maji yalimwagika kwa njia yake, Garissa na Tana River zikafunikwa kwa wiki, Msalaba Mwekundu ukasimika mahema, shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei, na wanafunzi wengine wakakuta madarasa yao yana wapangaji. Tarehe 10 Mei nchi ilipewa siku ya mapumziko ya kuomboleza na kupanda miti. Hilo la miti lilikuwa na maana kuliko wengi walivyodhani: sehemu ya ujazo wa Masinga imekwisha kuliwa na udongo wa juu kutoka mashamba yetu ya Nyeri, Murang'a na Kirinyaga. Kila tuta ambalo hatukulichimba kwenye mteremko wa kahawa ni nafasi ya maji iliyopotea huko chini.

Mwezi wa Agosti mwaka huo nilipanda kijijini. Juu ya pale ilipokuwa nyumba ya cucu, ng'ambo ya shamba la kahawa lililogawanywa zamani, kuna bwawa la udongo ambalo tulikuwa tukivulia samaki utotoni. Limepungua kwa nusu, upande mmoja umejaa mafunjo, na mkaratusi mkubwa umesimama katikati ya ukuta. Chini yake, hatua kama 200, kijana mmoja amejenga nyumba ya mbao na kufuga ng'ombe wawili. Nilimuuliza kama bwawa lile lilikuwa kwenye orodha ya yale 178. Akasema hajui, akaniuliza orodha hiyo huonwa wapi. Sikuwa na jibu.

Akanipeleka ukingoni. Alikuwa amechomeka ufito wa mkaratusi majini, wima, wenye mistari mitatu myekundu aliyoipaka mkewe kwa rangi ya kucha. Mstari wa kwanza ukilowa, anafungua ule mtaro wa zamani kwa jembe. Wa pili ukilowa, ng'ombe wanapelekwa kwa shemeji yake ng'ambo ya barabara. Wa tatu ukilowa, wanapanda kanisani na watoto. Aprili, akasema, maji yalifika kati ya wa pili na wa tatu, saa tisa za usiku, yeye amesimama pale na tochi ya simu, mkewe mlangoni mtoto mgongoni, akimsubiri apaze sauti.